Mama Mikono Nyuma Anaaga kwa Miguu Yake

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuingia na kutoka katika nyumba za watu, mkuu wa kitengo chetu cha ubora na usalama wa huduma za nyumbani anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu. Wateja wanamwita Mama. Wahudumu wanamwita Mama Mikono Nyuma, na wale waliodhani halijui jina hilo wajue leo kwamba alilijua tangu wiki ya kwanza, akalipenda kiasi cha kuliandika kwenye kikombe chake cha chai kwa rangi ya kucha.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi kwa sababu meza yangu imetazamana na yake kwa miaka tisa, na kwa sababu wengine wote walisema wana kazi nyingi. Haya, nimekubali. Ila kabla sijaanza kumsifu, kuna jambo ambalo kila aliyeingia ukumbini anapaswa kulijua. Mama ameomba kitu kimoja tu katika sherehe yake. Hakuomba zawadi, hakuomba keki, na hotuba aliomba ziwe fupi, ombi ambalo mkurugenzi amelisikia vizuri na kulipuuza. Ameomba aingie kwa mlango mkubwa na kutembea mwenyewe mpaka kwenye kiti chake kule mbele, bila mtu yeyote kumshika. Mwenye nyonga nzima anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Nyonga ya Mama ilivunjika miezi mitano iliyopita, na mpaka juzi jioni hatukujua kama ombi lake litakubaliwa. Nitafika huko, msiwe na papara.

Mama alianza kazi akiwa mhudumu wa kawaida, wa kuosha, kulisha na kugeuza wagonjwa, wakati ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Siku hizo ubora wa huduma ulipimwa kwa macho na pua. Shuka ni nyeupe, mzee ananukia sabuni, chumba hakina harufu, basi, huduma ni bora. Na mhudumu hodari alikuwa yule anayewahi kumaliza. Watoto wa mgonjwa wakija saa nne wakakuta baba ameshaogeshwa, ameshanyolewa, ameshalishwa na ameegemezwa kwenye mito yake, wanamshukuru mhudumu mpaka barazani.

Na tuseme kweli, tumelelewa hivyo. Mkubwa akitaka maji, mdogo anainuka. Mkubwa akiinama kuokota fimbo yake, ni aibu ya kila kijana aliyekaa pale. Hiyo ni adabu njema na mimi siibezi, wanangu nimewafundisha hivyo hivyo. Lakini Mama, katika kupita kwake nyumba hata nyumba, akaanza kuona jambo moja linajirudia. Wazee waliotupokea mlangoni kwa fimbo, baada ya muda walikuwa wanatupokea wakiwa kitini. Waliotupokea kitini, baada ya muda walikuwa kitandani. Ugonjwa wao haukuwa umezidi. Sisi ndio tuliokuwa tumezidi kuwahudumia. Akasema hivyo kikaoni, mbele ya mkurugenzi wa wakati ule, tena bila kupaka mafuta: kwamba tunawavunja watu miguu kwa adabu zetu. Mtu mmoja akauliza kama chai imeshaletwa.

Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni ya mikono nyuma. Ni kanuni rahisi kuieleza na ngumu kuifuata. Mzee akiwa anafanya jambo analoliweza, hata kama analifanya polepole na vibaya, mhudumu anasimama karibu naye, upande ule dhaifu, na mikono yake anaifunga mgongoni. Anaitoa mzee akianguka, au mzee akimwomba. Kwa sababu nyingine yoyote haitoi. Mama alikuwa mkali sana kwa waliodhani kwamba mikono nyuma ni ruhusa ya kuchezea simu. Alikuwa akiwaambia mikono nyuma si mikono mfukoni, na kwamba ukisimama mbali kiasi cha kushindwa kumdaka mtu kabla goti lake halijagusa sakafu, wewe si mhudumu, wewe ni mgeni.

Kanuni hiyo nusura imfukuzishe kazi. Alikuwapo mzee mmoja, kinyozi mstaafu, aliyepatwa na kiharusi upande wa kulia. Kila asubuhi mhudumu wetu alimnyoa ndevu vizuri kabisa, na kila asubuhi yule mzee alikuwa akiangalia ukuta. Mama akaenda, akakaa naye, akamuuliza tangu lini kinyozi ananyolewa. Machozi yalimtoka mzee. Basi Mama akamtafutia wembe wenye kinga, akamwekea kioo, akamkalisha sawasawa, akafunga mikono yake nyuma. Mzee alijinyoa kwa mkono wa kushoto, na ilichukua muda wa kutosha kupika maharage. Binti yake alipofika akakuta baba ana povu mpaka masikioni na vijikato viwili kidevuni, na mwanamke mzima amesimama pembeni kama mwalimu wa zamu. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Malalamiko yakafika kwa mkurugenzi yule wa wakati ule, na mkurugenzi akaapa kwamba mwezi ule Mama anaondoka. Kwanza akaenda mwenyewe nyumbani kwa mzee kuomba radhi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kichwani, akamwambia nywele zake zimekaa vibaya na yeye hawezi kuzungumza na mtu mwenye nywele kama zile. Unafanyaje? Umekwenda kuomba radhi, huwezi kukataa. Mkurugenzi akakaa kwenye stuli, akafungiwa taulo shingoni. Alirudi ofisini nywele upande mmoja ziko juu na mwingine ziko chini, akapita kati yetu, akafunga mlango. Kanuni ya mikono nyuma ikabaki, na Mama akabaki. Binti wa kinyozi baadaye alikuja kufanya kazi kwetu, na leo yuko ukumbini, amevaa kijani.

Wengi wenu mmepitia ile siku ya mafunzo ambayo Mama aliianzisha, siku ya kuhudumiwa. Mhudumu mpya anakalishwa kitini asubuhi na anakatazwa kufanya lolote. Analishwa, anafutwa mdomo, anavalishwa viatu, anakunwa anapowashwa, na kwa kawaida anakunwa pasipowasha. Dereva wetu, ambaye alijipenyeza siku hiyo kwa sababu alisikia kuna vitafunio, alipanguswa kamasi mbele ya watu ishirini na hajasamehe mpaka leo. Kabla ya saa ya chai kila mtu alikuwa amekasirika na hajui anamkasirikia nani. Ndipo Mama anawauliza, sasa yule bibi wa watu unayemlisha kila siku, wewe unadhani anafurahi?

Lakini msije mkadhani alikuwa mtu wa kuhatarisha watu. Nani kama yeye kwa kuogopa zulia! Akiingia nyumba mpya, anasalimia wote kwa heshima zote, anauliza hali ya kila mmoja, halafu anapiga magoti na kuchungulia chini ya viti. Nyumba moja bibi mwenye nyumba alidhani mgeni amepoteza herini, akawaamrisha wajukuu wote nao wapige magoti watafute. Mama alikuwa anatafuta nyaya za feni, ndara zilizosahaulika na mikeka iliyokunjamana. Aligombana na wake za watu juu ya mazulia ya harusi. Alipima joto la maji ya kuoga kwa kiwiko, akavuta kila kitasa cha bafuni kuona kama kinang'oka, na vilivyong'oka alikuwa anawapa wenyewe mkononi, kimya kimya. Kwanza safisha njia, alikuwa akisema, ndipo umwachie mtu miguu yake.

Kuhusu mapungufu yake nitakuwa mfupi, maana kijitabu hiki naye atakisoma. Anaimba vibaya. Anatembea, yaani alikuwa anatembea, kwa kasi ambayo mtu mwenye heshima zake hawezi kuifuata bila kukimbia. Hakubali kupikiwa chai na mtu yeyote. Birika la ofisi lilikuwa chini ya ulinzi wake, na aliyeligusa alitazamwa mpaka akaliacha. Na kama umevaa viatu visivyofungwa nyuma, hakusalimii wewe, anavisalimia viatu.

Sasa nifike kwenye ile nyonga. Mganga hajigangi. Mwanamke aliyepiga marufuku kupanda stuli katika kila nyumba tunayoihudumia alipanda stuli nyumbani kwake, Jumapili asubuhi, kubadilisha pazia la sebuleni. Stuli yenyewe ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Alijua. Alikuwa ameukunjia kadibodi chini miaka kadhaa iliyopita na kusema atautengeneza. Mwanawe kitindamimba, fundi umeme, ambaye anaishi naye, alisikia kishindo akiwa anaoga, akatoka mbio na povu kichwani. Alimkuta mama yake chini, mguu umegeukia upande usio wake, anajaribu kuvuta gauni lifunike magoti.

Alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, na madaktari wakasema kazi imekwenda vizuri. Kilichobaki ni yeye mwenyewe kusimama na kutembea, kidogo kidogo, kila siku, tena mapema. Tukapumua. Tulijua mgonjwa huyu hatahitaji kuhimizwa. Swali lilikuwa moja tu, nani atakwenda kumhudumia? Nani amfunge paka kengele? Ofisi nzima iliumwa ghafla. Mwisho akajitolea Upepo, yule mhudumu wetu mkubwa wa mwili, ambaye alipoajiriwa alikuwa anamaliza nyumba tatu wenzake wakiwa kwenye ya kwanza, na ambaye Mama alimfundisha mikono nyuma kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Tulimuaga kama anakwenda vitani.

Wiki ya kwanza Upepo alirudi ofisini ana uso mrefu. Nikamuuliza amekosolewa nini. Akasema hajakosolewa chochote, na hilo ndilo linalomtisha. Mama halalamiki. Kijana wake anambeba asubuhi kutoka kitandani, anampeleka bafuni mikononi, anamweka kitini, anamshikia kikombe mdomoni kabla hajakwenda kazini, na Mama anakunywa. Upepo akimletea ile fremu ya chuma ya kushikilia wakati wa kutembea, Mama anasema kesho. Nikadhani ananitania.

Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta amekaa sebuleni na shuka magotini, pazia bado linaning'inia upande mmoja kama alivyoliacha. Kijana wake alikuwa amempangia kila kitu pale pale alipo: maji, simu, rimoti, leso, hata pakiti ya biskuti ilikuwa imeshafunguliwa ili asihangaike. Mapenzi ya mwana, utasema nini? Mama akaniuliza habari za ofisi kwa upole. Nilikuwa nimevaa makubazi wazi, kwa makusudi kabisa, na hakuyatazama. Nikamuuliza habari za mazoezi. Ndipo akaniambia, wazi, bila kuzunguka, kwamba anaogopa. Kila akigusa sakafu kwa ule mguu anasikia tena mlio wa mfupa. Alisema amewaambia mama za watu wainuke kwa miaka yote hii na hakuwahi kujua anawaomba kitu kikubwa namna gani. Nilimshika mkono tu, na nilipotoka nililia pale nje ya geti mpaka muuza vocha wa kona akanipa pole bila kujua ya nini.

Niseme ukweli, pale tulikaribia kumpoteza. Hakuwa na hatari ya kufa siku ile. Lakini sote tunajua kinachofuata mtu asiposimama: vidonda vya kulala, kifua kujaa, misuli kuisha, kitanda. Tulikuwa tumeona kwa wengi. Na aliyekuwa anampeleka huko alikuwa mtu anayempenda kuliko sisi sote.

Aliyemwokoa ni Upepo, na silaha yake ilikuwa chai. Chai ya Upepo inajulikana. Maji hayangoji yachemke, majani anayatia kwa ubahili, sukari anaitia kwa hasira. Wiki ile kijana alipata kazi ya kuweka nyaya katika jengo jipya, akawa anaondoka alfajiri, kwa hiyo chai yote ya mchana ikawa ya Upepo. Siku ya kwanza Mama aliinywa. Siku iliyofuata akauliza kwa adabu kama maji yalichemka. Baada ya hapo akaanza kutoa maelekezo akiwa kitini, sauti inapanda, na Upepo jikoni anaitika ndiyo Mama, ndiyo Mama, na anarudi na ile ile. Mwisho Mama akasema maneno ambayo siwezi kuyachapisha kwenye kijitabu cha sherehe, akamwamuru alete hiyo fremu.

Upepo aliondoa meza ndogo njiani, akakausha maji kwenye sakafu ya jikoni, akaweka fremu mbele yake, akasimama upande wa nyonga iliyovunjika, akafunga mikono mgongoni. Anasema haijawahi kuwa vigumu namna ile kuizuia. Mama akainuka, akakaa. Akainuka tena. Alifika jikoni anatetemeka, jasho linamtoka, anasema majani, nani alikufundisha kutia majani hivyo, na Upepo nyuma yake analia kimya kimya kwa furaha. Mpaka leo anaapa kwamba hakufanya makusudi, kwamba ile ndiyo chai yake. Mimi niliyewahi kuinywa namwamini.

Kuanzia hapo ikawa kazi ya kila siku, na hawakumwambia kijana. Hilo halikuwa sawa, nasema wazi, na Upepo ameshaambiwa. Siku moja kijana akarudi mapema. Akamkuta mama yake amesimama mbele ya jiko, fremu iko kando, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza na mwingine unakoroga, na lile pandikizi la mtu nyuma yake limefunga mikono kama halihusiki. Aliangusha begi la vifaa. Alimfokea Upepo atoke nje sasa hivi. Upepo akamjibu kwa heshima kwamba atatoka, lakini Mama atangulie kukaa kwanza, maana yeye akiondoka upande huu utabaki wazi. Hakusogea mpaka Mama alipokaa. Ndipo akachukua kofia yake akatoka.

Kesho yake kijana alikuwa ofisini kwangu, koleo bado liko mfukoni mwa shati. Kwa kuwa nilikuwa nimekaimu nafasi ya mama yake, malalamiko yalikuwa yangu kuyapokea. Alisema hakuomba mtu wa kumtazama mama yake akianguka. Alisema sisi tunazungumza habari za kanuni lakini kile kishindo hatukukisikia, yeye alikisikia, na bado anakisikia akifumba macho. Sasa hapo utamwambia nini mtoto wa mtu? Alikuwa na haki. Nilimpa maji, nikamwomba aje kwenye kamati ya usalama ayaseme hayo hayo mbele ya wote.

Akaja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamweleza kwamba nyonga ilikuwa tayari kubeba uzito tangu wiki nyingi zilizopita, na kwamba kiti kilikuwa kinamdhuru zaidi kuliko jikoni. Kijana akauliza swali moja tu: je, tunaweza kumhakikishia kwamba mama yake hataanguka tena? Kila mmoja wetu alitamani kusema ndiyo. Nikamjibu hapana. Nikamwambia tunachoweza kumwahidi ni njia iliyosafishwa na mtu aliye karibu kiasi cha kudaka, na kinachobaki ni miguu ya mama yake na kauli ya mama yake. Hakupenda jibu hilo. Aliondoka bila kuaga, na mimi nikajiambia ndiyo basi, tumeharibu.

Jumamosi yake akaanza kupigilia mbao. Aliweka ubao mrefu wa kushikilia ukutani, kutoka chumbani kwa mama yake mpaka jikoni, akausugua msasa usichome mikono. Yeye ni fundi wa umeme, si seremala, na ubao umepinda, na Mama anamwambia hivyo kila siku akiwa ameushika. Jumatatu alimpigia simu Upepo arudi. Aliongeza kwamba chai apike mwenyewe Mama.

Basi ndipo likaja hili la leo. Mama alipoomba kuingia ukumbini kwa miguu, kijana alisema hapana, na safari hii nusu ya kamati ilikuwa upande wake. Nyumbani ni nyumbani. Hapa kuna sakafu iliyosuguliwa, watoto wanaokimbia, watu wengi wanaotaka kukumbatia. Kijana akapendekeza jambo la busara: mama aletwe mpaka mbele kwa kiti cha magurudumu, kisha asimame tumpigie makofi. Wajumbe wakanukuu miongozo ya usalama, na miongozo yote ilikuwa imetungwa na Mama. Alicheka sana aliposikia.

Juzi jioni tukaenda kwake kumaliza jambo hilo. Mama alitusikiliza wote. Kisha akasema kwamba hatari zote tulizozitaja ni za kweli na yeye mwenyewe angezitaja, na kwamba anaogopa, asije mtu akasema haogopi. Lakini ametoka na kuingia katika nyumba za watu kwa miguu miaka yote hii, na hataki kuagwa akiwa anasukumwa. Kijana wake akamwambia, mbele yetu, kwamba anampenda na hataweza kutazama. Mama akamjibu kwamba kuogopa ni haki yake na hakuna atakayemnyang'anya, ila aogope akiwa amekaa. Kijana akacheka bila kupenda, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia. Wajumbe wote wa kamati wakawa wanaangalia vikombe vyao. Hapakuwa na haja ya kupiga kura.

Kwa hiyo, wapendwa, haya ndiyo tunayowaomba. Zulia la katikati tumeliondoa. Nyaya za vipaza sauti zimefungwa ukutani. Katikati ya njia tumeweka kiti chenye mikono, apate pa kupumzika akichoka, na akipumzika tumwache apumzike. Upepo atakuwa nyuma yake, upande wa nyonga, mikono mgongoni. Wengine wote tukae. Watoto tuwapakate. Makofi tuyaweke mpaka afike, maana kelele zinamyumbisha. Na akiyumba, nawaomba sana, pamoja na kwamba ndimi zetu zimezoea, mtu asiseme pole. Tunajua anaweza kuanguka. Akianguka, Upepo yupo na daktari yupo, na kama Mama ninavyomfahamu, ataanza upya kutoka mlangoni. Chakula kitapoa. Kitapashwa moto.

Kijana wetu fundi umeme, kiti chako ni kile cha mwisho wa njia, kinachotazamana na mlango. Tulitaka kukuweka pembeni usione, lakini mama yako amekataa. Amesema anataka akiinua macho amwone mtu anayemwogopea kuliko wote, amekaa.

Mama, kwa niaba ya wahudumu wote, kwa niaba ya wazee wanaovaa vifungo vyao wenyewe asubuhi hii wakituudhi kwa kuchelewa, na kwa niaba ya mkurugenzi yule na nywele zake, asante. Asante sana. Tunakuombea miaka mingi ya kupika chai yako mwenyewe, mifupa imara, na mwana wa kukununia pale unapostahili. Stuli tumeichoma.

Mlango uko wazi, Mama. Njoo. Hatuna haraka.